Simba amekunywa dawa ya minyoo mara mbili, mbona "punje za mchele" zinarudi?

Baba wa Kihonda:
Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa wa kienyeji, dume, miaka miwili, anaitwa Simba. Mwezi uliopita niliona vitu vyeupe vimenata kwenye manyoya chini ya mkia, vidogo kama punje za mchele. Nikaweka kimoja kwenye kifuniko cha chupa. Kikajinyoosha, kikajikunja. Mwili ulinisisimka.

Dukani nikasema tu "minyoo", nikapewa dawa ya maji. Nimempa, nikarudia baada ya wiki mbili, punje bado zipo. Anakula vizuri, ila anaburuza makalio sakafuni. Nyumbani kuna mtoto wa miaka mitatu anayeshinda naye mchangani, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nimekosea wapi?

Mama Popi:
Pole sana kaka. Hao ni tegu, minyoo bapa kama utepe, na hizo punje ni vipande vyake. Vikikauka vinafanana na ufuta. Nimefuga mbwa miaka 11 na nimehangaika nao kama wewe.

Dawa za minyoo si moja. Pairanteli, kwa mfano, inaua mchango (minyoo mirefu ya mviringo) na safura (minyoo midogo inayonyonya damu) lakini tegu haimgusi. Chukua ile chupa usome: kama hakuna neno prazikwanteli, yaani dawa ya tegu, ndiyo maana. Kipimo ni miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa, kwa hiyo mpime kwanza. Mbebe, upande naye kwenye mizani, kisha toa uzito wako.

Halafu viroboto. Tegu huyu akiwa mchanga anakaa ndani ya kiroboto; mbwa akijiuma anapowashwa, anammeza. Fungua manyoya ya kiunoni karibu na mkia. Ukikuta unga mweusi kama pilipili manga, uweke kwenye pamba iliyoloa. Unga huo ukitoa wekundu, ni mavi ya kiroboto, yaani damu ya Simba. Ukimtibu tegu ukaacha viroboto kwenye malazi yake, wiki tatu hazipiti utaziona punje tena. Naomba sana usiishie kwenye kidonge.

Kuhusu mtoto, mimi naogopa zaidi mchango. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakikaa mchangani wiki mbili hivi yanaiva, na mtoto akiyameza viluwiluwi vyake vinaweza kufika hata machoni. Zoa kinyesi kila siku, kabla mayai hayajaiva. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Mfugaji wa Mlimani:
Mama Popi amesema kweli. Niongeze kwa wenye watoto wa mbwa, maana mwaka jana nilizika wanne kati ya sita. Walikuwa na wiki tatu, wanene tu, ghafla wakalegea. Niliinua mdomo wa mmoja, fizi nyeupe kama karatasi. Safura walikuwa wamemnyonya damu. Nilidhani bado wadogo mno kwa dawa, kumbe safura na mchango wanapita kwenye maziwa ya mama.

Sasa naanza wakiwa na wiki 2, narudia kila wiki mbili mpaka wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mama yao napanga naye siku hizohizo. Mbwa mkubwa kila miezi mitatu. Na jamani, msiwadunge dawa ya ng'ombe kwa kukisia. Tone likizidi kwa mbwa mdogo ni sumu.

Mama Popi:
Pole kwa hao wanne. Jamani, na matumbo mabichi ya machinjioni mnayowapa mbwa, chemsheni. Kuna tegu mwingine ambaye mbwa humpata humo, na mayai yake yanayotoka na kinyesi cha mbwa yakimwingia binadamu yanaota malengelenge makubwa kwenye ini.

Baba wa Kihonda:
Nimesoma chupa kwa tochi ya simu: prazikwanteli haimo. Pamba imekuwa nyekundu. Simba ana kilo 18, kesho asubuhi nampeleka hospitali ya wanyama pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) wampe ya tegu na ya viroboto. Gunia alilokuwa analalia nimeshalichoma, na mke wangu anachemsha maji ya kumwaga kwenye nyufa za kibanda.