Kivumishi na kirai kielezi katika Kiingereza

Swali: Ndugu wanajukwaa, ninafundisha kidato cha pili hapa Nyakato, Mwanza. Wanafunzi wangu huandika "boats big", na virai vielezi (mafungu ya maneno yanayoeleza wapi, lini au vipi) huviweka popote. Niwaelezeje?

Jibu: Shikamoo, mwalimu. Kivumishi cha Kiingereza kwa kawaida hutangulia nomino, wala hakibadiliki kwa wingi: "a big boat", "big boats". Hukaa nyuma baada ya kitenzi kishirikishi ("is", "are"), kama katika "the boat is big".

Jibu: Naafiki, ila penye kazi hasa ni virai. Katika "the fish from the lake is fresh", kirai "from the lake" kinavumisha samaki. Katika "they came from the lake", maneno yale yale ni kielezi, kwa kuwa yanaeleza walikuja kutoka wapi. Mwanafunzi ajiulize kirai kinajibu "yupi?" au "wapi, lini, vipi?" Tena asikiingize kati ya kitenzi na yambwa (kinachotendwa): "she sells every morning fish" ni kosa, sahihi ni "she sells fish every morning".

Muulizaji: Marahaba, nashukuru. Mahali na wakati vikifuatana?

Jibu: Mahali hutangulia mara nyingi: "they fish on the lake at night". Wakati waweza pia kufungua sentensi.