Mjadala: Je, ni haki serikali ya Marekani kudai nyumba ya marehemu kwa ajili ya Medicaid?

Wakuu, mama mkwe wangu, Mmarekani, amefariki baada ya miaka mitatu katika nyumba ya kutunzia wazee. Gharama ililipwa na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Hata nguo zake hatujagawa, barua ikaingia: jimbo linataka fedha zake zirudishwe kutoka kwenye mirathi. Mirathi yenyewe ni kinyumba kimoja.

Sheria ilipitishwa 1993. Kila jimbo linalazimika kudai gharama za matunzo ya muda mrefu ya aliyefikisha miaka 55. Haligusi mali ikiwa mume au mke yu hai, au kuna mtoto wa chini ya miaka 21, au mwenye ulemavu wa umri wowote.

Mimi nasema ifutwe. Mwenye mali nyingi humwona wakili mapema, akaihamisha. Anayekutwa na nyumba kwa jina lake ni yule asiye na wakili. Na mwaka 2019 majimbo yote yalikusanya kama dola milioni 733 tu, hata asilimia 1 ya gharama za matunzo hayo haifiki. Mnasemaje?

— Pole kwa msiba, mkuu. Lakini kwetu deni la maiti hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Kodi zetu zimemlisha na kumwogesha mama miaka mitatu. Mimi nalipa kodi hiyo na sina nyumba. Kwa nini watoto waichukue bure?

— Nimepoa, ndugu yangu. Ila deni ni la mtu aliyejua anakopa. Mama alitia sahihi akiwa hoi. Halafu angalia: mzee aliyepasuliwa moyo kwa Medicare, bima nyingine ya serikali, ya wazee, hafuatwi nyumba yake. Aliyepoteza kumbukumbu, akahitaji kulishwa, ndiye anayefuatwa. Ugonjwa gani umpate, hilo nalo alichagua?

Kwa mwenye barua kama yetu: linalodaiwa ni mali ya marehemu, si mshahara wako, kwa hiyo usitoe mfukoni. Omba mchanganuo wa huduma na tarehe zake. Kila jimbo lina utaratibu wa kuomba msamaha kwa ugumu wa maisha; uombe kabla ya siku iliyoandikwa kupita. Sisi tumeomba, maana shemeji yangu aliacha kazi amuuguze mama, bado anaishi humo na hana pengine pa kwenda. Jibu halijaja.