Bastola inaota kutu ubavuni na mafuta naipaka kila wiki, nakosea wapi?

ZamuYaUsiku

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu maana mi hapa nimeshachoka. Nina bastola, naimiliki kihalali, kazi yangu inanitaka niwe nayo kiunoni karibu siku nzima, naivaa ndani ya suruali halafu shati linafunika juu. Joto likipanda jasho ndo usiseme, jioni nikiivua unakuta ule upande unaogusa mwili umelowa kabisa. Kila Jumamosi naifungua, nasafisha, naipaka mafuta mpaka yanachuruzika. Na bado juzi nimekuta kutu, vidoa vidogo vyekundu ubavuni mwa slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma), vingine vimejificha chini ya kilengeo cha nyuma, na vichwa vya skrubu ndo vimekuwa kama misumari ya bati bovu. Magazini, kile kisanduku cha risasi, nayo imeanza.

Halafu kuna la pili. Nina bunduki niliyoachiwa na marehemu baba, nimehamishiwa umiliki kila kitu kiko sawa, hiyo sitembei nayo, inakaa kabatini kwenye mfuko wake wa ngozi ambao mzee aliuthamini kweli. Nilikuwa sijaigusa miezi kama minane. Kuitoa nakuta mstari wa kutu kwenye mtutu, umefuata sawasawa pale ngozi ilipokuwa imeshikana na chuma. Nayo niliipaka mafuta kabla ya kuihifadhi jamani! Sasa ni mafuta yangu mabovu, au chuma kimezeeka, au kuna kitu sikijui?

FundiVyuma

Mkuu mafuta yako hayana kosa, kosa ni ratiba. Sikiliza, kutu ni chuma kikikutana na maji na hewa, hilo tulifundishwa wote, ila jasho si maji matupu, lina chumvi, na chumvi ndo inaharakisha mambo. Maji ya mvua yanaweza kukaa juu ya slaidi saa kadhaa usione kitu, jasho likikaa usiku mmoja asubuhi unakuta alama. Sasa wewe unalowa Jumatatu, unasafisha Jumamosi, hizo siku zote za katikati chumvi imekaa kazini peke yake haina wa kuisumbua.

Kingine ambacho wengi hawakijui, mafuta hayayeyushi chumvi. Ukimwaga mafuta juu ya jasho lililokauka umeizika tu chumvi pale pale ikiwa hai, ndo maana unapaka na kutu inaendelea chini kwa chini. Unatakiwa uitoe kwanza. Mimi nafanya hivi kila jioni nikirudi, na hazizidi dakika tatu: natoa magazini, navuta slaidi nyuma, naangalia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) kwa macho na kwa kidole kwamba haina kitu, risasi naweka mbali na meza. Halafu kitambaa chenye maji safi kidogo sana napitisha nje kote, nakausha vizuri na kikavu, namalizia na kitambaa kilichokunywa mafuta ya bunduki. Nimesema kilichokunywa, sio kinachotiririka. Ukipitisha kidole uhisi utelezi lakini usiache tone. Kufungua vipande vyote kila siku haina haja, ni nje tu na pale vilengeo vinapokaa, hapo tumia mswaki wa zamani kuingiza mafuta kwenye vile vimwanya.

Na acha hiyo ya kuchuruzisha. Mafuta mengi yanashuka kwenye njia ya pini ya kufyatulia, yanakutana na vumbi na nyuzi za nguo yanakuwa uji, siku ya shida pini inapiga kinyonge. Yakifika kwenye risasi yanaweza kupenya mpaka kwenye fataki, ile ya kitakoni mwa risasi inayowasha baruti, ikafa, unavuta kifyatuo unasikia tik basi. Kwahiyo magazini ipake nje kiasi tu, ndani futa iwe kavu.

KiparaMtulivu

Si ununue ya steinlesi uachane na haya mateso 😂

FundiVyuma

@KiparaMtulivu steinlesi nayo inaota kutu kaka usidanganyike. Inaitwa steinlesi kwa sababu ina kromi, angalau asilimia 10.5, inayojijengea utando mwembamba juu, na ule utando adui yake mkubwa ni chumvi hiyo hiyo ya jasho. Inachelewa tu. Na ukiangalia ndani, springi na pini za bastola nyingi za steinlesi ni chuma cha kawaida.

Kwa mleta mada, hiyo rangi nyeusi ya bastola yako, kama ni ile ya kuchovya ya zamani, yenyewe ni aina ya kutu ujue. Kutu nyeusi, iliyotengenezwa makusudi kiwandani ikashikana na chuma. Kinga yake peke yake ni ndogo mno, kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Zile za kijivu zenye mkwaruzo kidogo, za fosfeti, zinashika mafuta zaidi maana zina vitundu. Zilizopigwa naitridi, yaani uso wa chuma umegumishwa kwa naitrojeni, ndo ngumu kweli kwa jasho. Ila yoyote ile ikikaa kavu bila mafuta inakuadhiri.

MamaShabaha

Naona mmemaliza ya kiunoni ngoja nimsaidie kaka kwenye ya kabatini maana hapo ndo nilipolia mimi mwenyewe.

Toa bunduki kwenye ngozi. Leo. Ngozi inanyonya unyevu wa hewani kama sponji na haiuachii haraka, halafu ina mabaki ya chumvi na dawa za kiwandani za kulainishia, kwahiyo umeufunga mtutu wako na kitambaa chenye maji na chumvi miezi minane, mafuta uliyopaka ngozi yenyewe imeshayanywa. Ule mfuko utunze kwa ajili ya mzee, utundike ukutani, siku ya safari itumie, mkirudi bunduki itoke. Hata lile boksi gumu lenye sponji ndani ni la kusafiria tu, mi niliacha bunduki ya mashindano humo baada ya siku ya manyunyu, nikajua nimeifuta kumbe sponji lilikuwa na unyevu, wiki tatu baadaye umbo la sponji lilikuwa limechorwa kwenye mtutu kwa kutu. Nilikaa chini nikaiangalia tu.

Inapokaa moja kwa moja iwe kwenye kabati la chuma linalofungwa, lakini kufunga peke yake hakutoshi maana unafungia na hewa yenye unyevu humo humo. Tafuta kipima unyevu kidogo ukiweke ndani uache kubahatisha. Ukiona kinacheza kwenye asilimia 40 mpaka 50 lala usingizi, kikivuka 60 siku nyingi mfululizo anza kuhangaika. Kupunguza unatumia silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, chukua ya mfuko mkubwa ulioandikwa kabisa gramu, sio vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu ambavyo vimeshashiba toka vikiwa dukani. Zile zenye rangi zinakusaidia, ya bluu ikishiba inageuka pinki, ya chungwa inageuka kijani. Haitupwi, inawekwa kwenye oveni nyuzi 120 hivi saa mbili tatu inarudi kazini. Wengi wananunua, wanasahau mwaka mzima, kumbe imeshiba toka mwezi wa pili na sasa ni mapambo. Kama kabati lina umeme karibu kuna fimbo ya kupasha joto inalala chini kabatini, haikaushi maji ila inafanya hewa ya ndani iwe na joto kidogo kuliko ya nje, chuma kikiwa na joto umande haukai. Mi natumia hiyo na silika nikaiacha.

Na kabati lisigusane na sakafu ya zege wala ukuta wa nje, weka vipande vya mbao chini.

Lingine, ukitoka kwenye baridi kali ukaingia chumba chenye joto (hata baridi ya kiyoyozi, sio lazima theluji) bunduki itatoka jasho yenyewe kama chupa iliyotoka frijini. Mpaka ndani ya mtutu. Iache kwenye mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, ndo ufungue, ufute, upake.

ZamuYaUsiku

Aisee. Kumbe nilikuwa nazika chumvi muda wote. Dada asante sana, mfuko nimeshautoa.

Maswali mawili tu. Hii kutu iliyopo naitoaje bila kuharibu ile rangi? Na je WD-40 inafaa, maana ninayo, na jirani yangu yeye anaapa kwa mafuta ya kupikia.

MzeeKitako

Kijana wangu mafuta ya kupikia pikia. Yakikaa kwenye chuma yanashika hewa yanaganda yanakuwa gundi, nimeshaletewa bolti haifunguki mpaka tukaichemsha. Mwambie jirani.

WD-40 jina lake lenyewe linakuambia, maana yake ni kuhamisha maji, jaribio la 40, ilitengenezwa mwaka 1953 na hiyo ndo kazi yake mpaka leo. Umenyeshewa, bunduki imelowa hadi ndani, piga hiyo itafukuza maji kwenye vijitundu. Lakini baada ya hapo futa upake mafuta ya kweli, sehemu kubwa yake inaruka hewani na kinachobaki ni kiduchu, hakilindi miezi. Watu wanagombana juu ya hili toka nikiwa na nywele kichwani.

Kutu yako, kwa unavyoeleza, bado ni ya juu. Hakikisha silaha ni tupu, weka mafuta juu ya doa, acha saa kadhaa hata usiku kucha, halafu sugua taratibu kwa sufi ya shaba au steliwaya ile laini kuliko zote, namba ya sifuri nne, sio ya kusugulia masufuria! Sugua ikiwa na mafuta muda wote na futa uone, futa uone. Kutu nyekundu ni laini inatoka, ile nyeusi iliyoshikana inabaki. Usiguse siki wala dawa za asidi za kuondoa kutu, kwa sababu fundi ameshakuambia rangi yenyewe ni kutu, sasa dawa haijui ipi unaitaka ipi huitaki, inakula zote unabaki na chuma cheupe. Baada ya kusugua kama pana vishimo unavyovihisi kwa ukucha hivyo havirudi, vipake mafuta uishi navyo. Vikiwa ndani ya mtutu au chemba peleka kwa fundi wa silaha akague kabla hujapiga.

Hiyo ya baba yako kama hutaitumia mwaka mzima mafuta mepesi hayatoshi, yanashuka taratibu. Tumia grisi nyepesi ya kuhifadhia, utando mwembamba, au nta ngumu kama ile iliyobuniwa British Museum miaka ya 1950 kwa ajili ya vyombo vya kale, hiyo haishikwi na alama za vidole. Ukiisimamisha, mdomo wa mtutu uwe chini juu ya kitambaa, ukiuweka juu mafuta yote yanatiririkia kwenye kitako cha mbao, mbao zinaoza. Na muulize aliyekuwa anampatia marehemu risasi, zilikuwa za masalia ya jeshi? Zile za kizamani fataki zake zikiungua zinaacha chumvi ndani ya mtutu inayovuta maji hewani, ukipiga leo usiposafisha kesho kutwa pana kutu. Dawa yake maji ya moto yapite mtutuni, kausha, ndo mafuta. Jeshini tulikuwa tunatumia birika.

ZamuYaUsiku

Shikamoo mzee. Leo ni wiki ya tatu narudisha mrejesho. Slaidi imetoka safi, kilengeo kimebaki na kishimo kimoja kama kichwa cha pini, nitaishi nacho. Lakini nilipofungua vile vibao vya mshikio nikakuta chini yake pamejaa kutu, upande wa kulia tu, unaogusa mwili. Nisingefungua nisingejua. Bunduki ya baba nimeipaka grisi ndani na nje iko kabatini mdomo chini, kipima unyevu kinasema 47.

MzeeKitako

Marahaba. Vibao hivyo fungua kila mwezi, huko mbona ndo kutu inakolala. Na kwa kuwa umepaka grisi ndani ya mtutu, funga karatasi kwenye kifyatuo uandike MTUTU UNA GRISI, maana atakayeitoa mwaka ujao ni wewe na utakuwa umesahau. Ipitishwe kitambaa kikavu mpaka kitoke safi, uchungulie mwanga upande wa pili, ndo risasi iguse chemba.

MamaShabaha

Mi karatasi yangu nimeibandika mlangoni mwa kabati kwa ndani, na tarehe ya kuioka silika zamani ilikuwa hapo hapo.