Mrejesho: balbu za taa za ukungu, H8 au H11?

Wakuu, niliuliza kama balbu ya aina ya H11 inaweza kuwekwa kwenye taa ya ukungu ya gari iliyokuja na aina ya H8, maana muuzaji mmoja Kariakoo aliniapia kuwa "zote ni moja".

Si moja. Fundi alilegeza kava linalofunika juu ya tairi la mbele kwa ndani, akapitisha mkono nyuma ya bampa, akaizungusha balbu ikatoka. Kitakoni imeandikwa H8 12V 35W. H11 ni 55W. Kwa macho ni pacha, ila vimeno vya kitako vinatofautiana, ndiyo maana wengine huvichonga kwa kisu mpaka viingie. Joto la wati 20 za ziada ndani ya kikombe kidogo cha plastiki cha taa! Hapana.

Nimepata H8 ya halojeni mtaa wa Gerezani, Dar. LED nimeachana nazo, mwanga wake hutawanyika kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni na kuwachoma macho wanaokuja. Kioo cha balbu tumekishika kwa kitambaa, mafuta ya vidole hufupisha maisha yake.

Mliosema Dar hakuna ukungu, sawa, ila mimi napanda Njombe, na mlima Kitonga alfajiri siyo mchezo. Soketi ya kulia ilikuwa na kutu, imesafishwa, zote zinawaka.