Nianze na lugha gani ya programu, Python ama JavaScript? Niko Kondele, Kisumu

kijana_kondele: Wadau habari zenu, nilimaliza fomu foo mwaka jana, niko na laptopu ya mtumba ya RAM 4GB na nataka nijifunze kuandika programu hadi nipate kazi, lakini kila mtu ananivuta na lugha yake. Nimeangalia vidio miezi mitatu na nikifungua ukurasa mtupu siwezi andika kitu. Nisaidieni.

dada_wa_milimani: Mdogo wangu, shida si lugha. Vidio inakufanya uone umeelewa kumbe ni mwalimu ndiye ameelewa. Chagua JavaScript, kila brauza inaiendesha na hiyo 4GB inatosha kabisa. Kisha jenga kitu cha mtu unayemjua, mimi nilianza na daftari la madeni la duka la mama, nikaliharibu mara nyingi sana lakini hapo ndipo nilielewa loopu (kurudia amri) na fanksheni (kipande cha amri chenye jina lake).

nax_vegas: Naongezea, tovuti ya mafunzo ya freeCodeCamp ni bure. Weka kila kazi yako GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha programu zako, hata kama ni mbaya, mwajiri ataangalia hapo kabla ya cheti. Ukishazoea ingia Daraja ya Safaricom, mfumo wa kuunganisha programu yako na M-Pesa, iko na sandboksi ya kujaribu malipo ya M-Pesa bila pesa halisi, na hiyo ni kazi wenye biashara huku kwetu wanaitafuta.

kijana_kondele: Asanteni sana. Shangazi anauza omena soko la Kibuye, naanza na hesabu yake leo jioni.