Tupeane uzoefu: uliyeacha jQuery ukahamia maktaba nyepesi, nini kilikuuma?

Wakuu, naanza mimi.

Nilijifunza jQuery, ile maktaba (kodi iliyoandikwa tayari) ya kurahisisha JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, kabla ya kuijua JavaScript yenyewe, nikawa naibeba kwenye kila mradi. Siku nilipopitia kodi yangu mstari kwa mstari nilikuta natumia mambo matatu tu: kuchagua elementi, kuongeza na kuondoa klasi (majina yanayobeba mwonekano wa elementi), kusikiliza mibofyo. Kwa hayo, kila mgeni wa ukurasa anapakua kama kilobaiti 30 zilizobanwa! Nikaweka Cash, maktaba nyepesi ambayo ni huria pia na ni kama kilobaiti 6. Alama ni ile ile ya $, `.addClass()` na `.on()` zikafanya kazi bila kuguswa.

Kilichoniuma ni ajax, yaani kuwasiliana na seva bila kupakia ukurasa upya. Cash haina, nikatumia `fetch` ya kivinjari chenyewe. Kumbe `$.ajax` ikipewa 404 au 500 (majibu ya seva kwamba kuna kosa) inaita `error`, lakini `fetch` inaendelea kana kwamba mambo ni shwari mpaka ukague `response.ok` mwenyewe. Fomu yangu iliandika "Imehifadhiwa" siku nzima huku seva imekataa kila kitu. Watu walipoteza kazi yao, na hadi leo hilo linanisumbua.

Mchangiaji wa 2
Pole mkuu. Mimi niliruka maktaba zote, JavaScript tupu. Nilitaka kuondoa klasi ya `chaguliwa` kwenye safu zote za jedwali, nikazipata kwa `getElementsByClassName`, nikazungusha `for`. Safu moja inasafika, inayofuata inabaki na rangi. Orodha ile ni hai: ukiondoa klasi, elementi inatoka humo papo hapo, zilizobaki zinasogea, wewe unairuka iliyofuata. `querySelectorAll` inakupa orodha isiyobadilika, tatizo likaisha. jQuery ilikuwa inanikinga na hili miaka yote, sikujua.

Mchangiaji wa 3
Nilihama, nikarudi. Kalenda ya kuchagulia tarehe ilidai jQuery, nikajikuta napakia zote mbili.

Mchangiaji wa 4
Kwa wa 3: jaribu jQuery slim, toleo dogo lililotolewa ajax na uhuishaji, huenda kalenda yako haihitaji hivyo. Mimi `.fadeIn()` zangu (za kufanya kitu kitokee taratibu) nilizigeuza kuwa `transition` za CSS, lugha ya mwonekano wa ukurasa, kwenye kodi nabadilisha klasi tu. Zinateleza vizuri kuliko zamani hata kwenye simu dhaifu.

Mwanzisha mada
Wa 4, elementi yenye `display: none` (iliyofichwa kabisa) uliifanyaje? Yangu inatokea ghafla, haififii.