Alama maalumu kwenye kibodi: misimbo ya Alt, US-International au Compose?

mhariri_usiku
Habari zenu wakuu. Nahariri vitabu vya sayansi, na kila ukurasa nakutana na °, ×, ≠, pamoja na majina yenye é na ç. Hadi leo nanakili alama kutoka faili moja na kuzibandika, na mara nyingi zinakuja na fonti yake ya kigeni. Natumia Windows, laptopu isiyo na vitufe vya tarakimu upande wa kulia. Nishike njia ipi?

Tarakimu
Mimi ni Alt miaka yote. Shikilia Alt, andika 0176 upate °, 0215 upate ×, 0233 upate é, kisha achia. Sifuri ya mbele usiiache: ukiandika 233 tupu unaangukia kwenye jedwali la herufi la kompyuta za zamani za IBM, na kwangu inatoka Θ. Shida ni kwamba tarakimu za mstari wa juu hazifanyi kazi hapa. Kwa laptopu yako utahitaji kibodi ya pembeni.

kurasa_nyingi
Kama kazi yako iko ndani ya Word, huhitaji hizo tarakimu za pembeni. Andika 2260 kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja, inageuka ≠. 00D7 ni ×, 00E9 ni é. Angalizo moja: ukitaka 25°, teua 00B0 peke yake kabla ya kubonyeza, la sivyo Word inaweza kuichanganya na ile 25.

Herufi_Mkato
Badilisha mpangilio wa kibodi uwe US-International, umo ndani ya Windows tayari. Bonyeza ' kisha e, unapata é. ' kisha c, ç. AltGr (Alt ya kulia) na = inatoa ×. Vidole vinazoea haraka sana.

ng_yenye_king'ong'o
Mkuu, kwa anayeandika Kiswahili huo ni mtego, na ulininasa mwenyewe. Kitufe cha ' kinasubiri herufi inayofuata. Andika ng'ombe bila kufikiri, unapata ngómbe. Ng'ambo inakuwa ngámbo. Inabidi ubonyeze kitufe cha nafasi baada ya kila ', na siku moja utasahau. Niliwahi kukabidhi kazi yenye makosa ya namna hiyo kurasa nzima, na kikagua tahajia hakikusema neno. Wa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, wana mpangilio ambao vitufe hivyo vinasubiri pale tu unaposhika AltGr. Huo ni salama.

Herufi_Mkato
Hilo sikulifikiria, naandika Kifaransa zaidi. Uko sahihi.

mstari_wa_amri
Basi Compose. Unabonyeza kitufe kimoja, unaachia, halafu unaichora alama kwa vitufe viwili: o o ni °, x x ni ×, / = ni ≠, ' e ni é, , c ni ç. Hakuna namba ya kukariri, unaangalia umbo lenyewe. Linux inayo tayari, unachagua tu kitufe. Kwa Windows kuna WinCompose, ni ya bure, na inatumia Alt ya kulia. Kitufe chako cha ' kinabaki kama kilivyo.

Tarakimu
Na msichanganye ° na º. Ile ya pili ni o ndogo ya juu ya Kihispania na Kireno, Alt+0186. Kwenye fonti nyingi zinafanana, lakini ukitafuta moja, nyingine haionekani.

mhariri_usiku
Asanteni sana wakuu. Nimeweka WinCompose nyumbani, nimejaribu ng'ombe na Genève kwenye sentensi moja, zote zimetoka sawa. Ofisini siruhusiwi kusakinisha programu, huko nitatumia Alt na X. Na Tarakimu, nimekagua: sura ya tatu nzima ina º. Naanza kuisahihisha sasa hivi.